Glavu za Ngozi ya Bihogo

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wazee waliotuachia methali hii hawakuwa na haja ya kutufundisha habari za vitanda, kwani kulala kila mtu anajua. Walitaka kutuambia kwamba kazi ya mwenzako, hata ukiitazama kutwa kucha, ina maumivu yake yaliyojificha, na anayeyajua ni yule aliyemo ndani yake. Walijua pia kwamba mwanadamu ni mgumu wa kulisikia jambo hilo, hasa akiwa fundi, na hasa akiwa baba. Papa Hakorimana wa Mushaki alikuwa yote mawili.

Kwanza tumsifu, maana sifa zake ni za haki. Katika vilima vyote vya njia ya Sake kwenda Masisi hakukuwa na mtu aliyeijua ngozi ya ng'ombe kama yeye. Alishona mikanda ya kufungia madumu ya maziwa kwenye pikipiki, akashona ala za visu na viatu vya wachungaji, lakini kilichomjengea jina ni glavu, au gants kama wasemavyo watu wa huko. Wanaume waliovuta senyenge za kuzungushia malisho hawakuthubutu kuugusa waya ule bila glavu za Hakorimana. Zilikuwa nene kiasi cha kukataa mwiba wowote, mishono yake ilifichwa ndani, tena alizishona pana, akiacha nafasi ya unene wa kidole kizima. Ukimuuliza sababu ya upana huo alikuwa na jibu moja, na watoto wa Mushaki walilijua kwa moyo: senyenge ikikukamata, unachomoa mkono na kuiachia glavu, kwa sababu glavu hushonwa tena na mkono haushonwi.

Mzee huyu alikuwa na binti mmoja, Emérita, na ng'ombe mmoja aliyempenda kupita wengine wote, jike la rangi ya udongo mwekundu aliyeitwa Bihogo. Mkewe alizoea kumtania kwamba mto ukifurika, hajui kati ya hao wawili angemwokoa yupi kwanza. Utani huo ulikuwa na mzizi. Jibini iliyotokana na maziwa ya Bihogo ndiyo iliyomsomesha Emérita, darasa kwa darasa, hadi akaingia shule ya urubani huko Kinshasa. Bihogo alikufa kwa uzee mwaka uleule binti aliporudi na cheti chake. Papa Hakorimana aliilainisha ngozi ya ng'ombe wake kwa mikono yake mwenyewe, akaitundika ukutani, na kila aliyekuja kuitaka akarudi kama alivyokuja.

Emérita alipata kazi ya rubani msaidizi katika ndege ndogo ya injini moja iliyobeba watu na mizigo kati ya Goma na Walikale. Njia ya huko kwa gari hupita msituni, na matope yake humeza lori zima na shehena yake. Kwa hiyo watu hupanda ndege, na ndege nayo hutua juu ya kipande cha barabara ya lami kule Kilambo. Pikipiki hupisha kando, ndege inashuka, kisha pikipiki hurudi barabarani kama vile aliyepita ni bata tu. Binti alipomsimulia baba yake jambo hilo alicheka, ila baba hakucheka. Siku chache baadaye mzee alisikia redioni habari ya ndege fulani ya nchi ya mbali iliyoshika moto ikitua. Rubani wake alipona, lakini vidole vyake havikupona. Papa Hakorimana aliacha chakula chake kikapoa, akainuka, akaishusha ngozi ya Bihogo ukutani.

Alishona kwa wiki mbili. Aliweka tabaka mbili za ngozi na katikati yake sufu ya kondoo, ili moto, kama mwiba, uchoke kabla ya kufika. Mishono aliificha ndani. Upana aliuacha uleule wa unene wa kidole, na hakumwuliza mtu chochote, maana tangu lini kinyozi akafundishwa kushika wembe? Jumapili Emérita alipokuja nyumbani, mama yake alizishika glavu zile akaziombea, na baba akamvisha binti yake mwenyewe, mkono wa kuume kisha wa kushoto. Emérita aliinusa ile ngozi, akamkumbuka Bihogo, na machozi yakamtoka.

"Uniahidi," baba yake alimwambia. "Ukikuwa kule yulu, hautazitosha mukononi hata siku moja."

Emérita alimtazama baba yake, akaona hofu aliyoificha nyuma ya ukali ule, akaahidi.

Miezi miwili ilipita. Siku moja Straton, mchuuzi wa jibini wa hapohapo Mushaki, alirudi kutoka Walikale akiwa na mdomo uliojaa habari. Ndege yao ni ndogo, abiria hukaa karibu na marubani na huona kila kitu. Straton alisema Emérita huzivaa glavu za baba yake akipanda ngazi, lakini akishakaa tu huzivua na kuziweka magotini. Hakulisema kwa ubaya, alilisema kama mtu anavyosema mvua imenyesha. Hata hivyo Papa Hakorimana aliumia. Tusipambe maneno: aliumia kama mtu aliyetukanwa mbele ya ng'ombe wake.

Tangu siku hiyo, Emérita akipiga simu, baba yake hakuipokea. Mkewe alimvumilia kwa muda, kisha akamwuliza, "Papa Emérita, mutoto ulimuuliza sababu?" Akamjibu kwamba mtu akiahidi na kuvunja, hakuna cha kuuliza. Mkewe akamwambia kwamba hata ng'ombe akikataa maziwa, mchungaji mwema huinama kutazama chuchu zake kabla ya kumpiga. Mzee akajifanya hakusikia. Alikuwa na masikio mazuri sana, lakini siku hizo aliyapa likizo.

Jumapili ya tatu Emérita alikuja mwenyewe juu ya pikipiki, matope hadi magotini, glavu zikiwa kifuani ndani ya koti. Aliwasalimu wazazi wake, akakaa kwenye kigoda mbele ya baba yake, akaziweka glavu katikati yao.

"Papa, ahadi niliivunja, na naomba pardon," alisema. "Lakini usinisamehe leo. Ukuje kwanza Goma, ukae kwa kiti yangu. Nyuma ya pale utanisamehe ao utakatala."

Mzee alikuwa amejiandalia maneno ya ukali kwa wiki tatu nzima, lakini akakubali. Alhamisi wakashuka pamoja Goma.

Ndege ilikuwa imesimama, injini imezimwa, haijaanza kupakiwa. Rubani mkuu alikuwa Hilaire, mwana wa Walikale, wa ukoo wa wawindaji wa msituni, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alimpokea mzee kwa mikono miwili, akamwomba apande kukaa kiti cha kulia, pale binti yake anapokaa. Emérita alimfunga baba yake mikanda yote, ile ya mabegani, ya kiunoni na ya katikati ya miguu, ambayo hukutana tumboni kwenye kifungo kimoja cha duara. Kisha akamvisha zile glavu. Zilimkaa vizuri kama za senyenge, na nafasi yake ileile, maana kumbe alikuwa amezishona, bila kujua, kwa kipimo cha mikono ya wanaume wa senyenge.

"Sasa funga macho, Papa. Ndege imejaa moshi, hauone kitu. Zungusha ile kifungo, utoke."

Papa Hakorimana akatabasamu kidogo, akafumba macho. Emérita akaanza kuhesabu kwa upole, kama anayemhesabia mtoto hatua zake za kwanza. Mzee alipeleka mkono tumboni, akagusa kitu. Kilikuwa kifungo, au labda mkanda, au labda koti lake mwenyewe. Kupitia tabaka mbili na sufu, vyote vilikuwa kitu kimoja. Alijaribu kukamata, na ncha za glavu, ambazo hazikuwa na kidole ndani yake, zikajikunja. Alijaribu tena, mishono ya ndani ikamkata kucha. Hesabu ikafika ishirini, ikafika thelathini. Jasho lilianza kumtoka. Emérita akamwambia basi aache mkanda, atafute kizimamoto kando ya kiti na kuchomoa pini yake. Alikipata kizimamoto, lakini pete ya ile pini ilikuwa ndogo, na kidole cha glavu kilikuwa na unene wa gunzi la mahindi. Aliposukuma kwa nguvu kiwiko chake kiligonga swichi mbili kwa pamoja, akazisikia zikilia.

"Makumi tano, Papa," Emérita alisema, akaacha kuhesabu.

Mzee alifumbua macho. Alichomoa mkono wake kwenye glavu, ukatoka upesi kabisa, sawasawa na alivyokusudia fundi. Kwa vidole vitupu akagusa kifungo, kikazunguka, mikanda yote ikamwachia. Alikaa akiitazama ile mikanda iliyolala mapajani mwake. Ile glavu aliyoishona kwa mapenzi yake yote, kwa ngozi ya ng'ombe wake, ingemfungia mwanawe ndani ya moto. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya ile habari ya redio, na hakuona aibu kulia mbele ya mtu wa Walikale asiyemjua.

"Nilikufungia ndani, mutoto yangu."

"Hapana, Papa. Ulinikinga na senyenge. Huku senyenge haiko."

Hilaire, aliyekuwa amesimama chini karibu na mlango, alimsimulia mzee kwamba babu yake, aliyetega wanyama msituni maisha yake yote, hakukubali kitu chochote kwenye vidole wakati wa kutega. Akamaliza kwa kusema, "Huku kwetu, muzee, mutegaji anaona na vidole."

Basi Papa Hakorimana akasema glavu zitupwe, binti yake afanye kazi kwa mikono mitupu kama mtegaji. Emérita akatikisa kichwa. Alimweleza kwamba mikono mitupu ni myepesi kweli, lakini moto nao hauchagui, na mkono ulioungua haufungui mlango. Glavu za kazini walizopewa zilikuwa za saizi ya wanaume, nazo zilimwachia ncha tupu vilevile.

"Zako njo nazihitaji," alisema. "Ila uzishone kwa kipimo ya mukono yangu, haiko ya senyenge."

Papa Hakorimana alipangusa uso, akatia mkono mfukoni, akatoa uzi. Palepale ndani ya ndege akaanza kumpima binti yake kidole kimoja kimoja, pingili kwa pingili, akifunga fundo kila mahali. Alipomaliza aliomba ruhusa ya kugusa kila kitu ambacho mkono wa Emérita hukigusa, kila swichi, kila kitufe cha redio, mpini wa mlango, pete ya pini. Hilaire alimpa ruhusa hiyo, akamngoja bila kutazama saa. Mzee aligusa vyote mara mbili, mara ya pili akiwa amefumba macho.

Kazi aliyorudi nayo Mushaki ilikaribia kumvunja moyo. Kuifanya ngozi nene ni kazi ya nguvu, lakini kuifanya nyembamba bila kuitoboa ni kazi ya subira, na subira hakuwa nayo nyingi ghalani. Alikata sehemu ya tumboni mwa Bihogo, palipo laini, akaikwangua siku baada ya siku. Mishono aliigeuza nje, isimguse mtu kucha. Mdomo wa glavu akaurefusha hadi juu ya kifundo cha mkono, moto usipate pa kuingilia. Naye, aliyeacha nafasi ya kidole kwa miaka thelathini, sasa hakuacha nafasi hata ya uzi.

Kuzijaribu ndiko kulikokuwa na vituko. Mikono ya mkewe ilikuwa sawasawa na ya binti yao, kwa hiyo alimvisha yeye, akamfunga kitambaa machoni, akamwekea mbele sahani ya maharage akimtaka ayatoe moja moja. Jozi ya kwanza ilishika maharage matatu kwa mara moja. Ya pili ikafika nusu ya sahani, kisha harage likateleza. Mama Emérita alicheka hadi akajishika mbavu, akisema ameolewa miaka yote hii ili aje kuchambua maharage kama kipofu. Jozi ya tatu ilimaliza sahani yote. Tena aliposhika harage la mwisho, mama yule aliacha kucheka, akasema anahisi hata mkunjo ulio kwenye ganda lake. Mzee akamfungua kitambaa, akaibusu ile mikono pamoja na glavu zake.

Emérita alizivaa, na safari hii hakuna aliyemtaka aahidi kitu. Straton alipita Walikale mara nne, akarudi akisema mkono wa binti haujui tena kuvua. Lakini Papa Hakorimana hakuridhika. Alikuwa amekilalia kile kitanda kikiwa kimetandikwa, ndege imesimama na injini baridi, na sasa alitaka kukilalia chenyewe. Kwa hiyo alibeba vibonge viwili vya jibini kwa ajili ya mama yake Hilaire, akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake, akakaa nyuma tu ya kiti cha binti yake.

Vilima vya Masisi vilipita chini na ng'ombe wao wadogo kama siafu, kisha msitu ukaanza na haukwisha. Mzee hakuuona sana. Alikuwa akiitazama mikono ya Emérita, jinsi inavyokwenda yenyewe bila kuulizwa, huku kidogo, pale kidogo. Moyo wake ulijaa fahari, na alisali rozari yake taratibu. Barabara ya Kilambo ilipoonekana mbele, na pikipiki zimeshapisha, alisikia harufu ya kitu kinachoungua.

Moshi ulitoka chini ya vile vioo vya saa vilivyo mbele ya marubani, kwanza kidogo, halafu mwingi, mweusi. Waya mmoja ulikuwa umeshika moto. Abiria walianza kupiga kelele. Hilaire hakugeuka, maana ndege ilishakuwa juu ya lami na yeye ndiye aliyekuwa akiishusha. Alisema neno moja tu, "Emérita," na mzee akaona mkono wa kushoto wa mwanawe ukiingia ndani ya moshi. Haukuonekana tena, lakini alisikia swichi zikizimwa, moja, moja, moja, kama maharage yakitoka sahanini. Magurudumu yakagonga barabara. Mkono wa kuume ukaibuka na kizimamoto, kidole kikaingia kwenye pete, pini ikatoka mara ya kwanza. Emérita aliinama hadi pale ndimi za moto zilipokuwa zikitokea, akapuliza mpaka chupa ikaisha.

Ndege ilisimama. Hilaire alikwisha kuruka chini kwenda kufungua mlango wa nyuma, na abiria walitoka wakikohoa. Papa Hakorimana pekee alibaki amefungwa. Vidole vyake havikuwa na glavu wala kizuizi chochote, na bado havikukumbuka mkanda hufunguliwaje. Moshi ulimziba macho. Ndipo akasikia mkono juu ya tumbo lake, mkono wenye ngozi laini aliyoijua, ukatafuta mara moja tu, kifungo kikalia, mkanda ukaachia.

"Kuja, Papa," Emérita alisema, akamwongoza nje.

Walikaa kando ya barabara, kati ya wanawake waliouza ndizi, wakitazama moshi ukipungua. Jibini ilikuwa imebaki ndani, na Hilaire alisema mama yake atakula ya kukaushwa kwa moto kama nyama ya porini. Watu wakacheka kicheko cha waliopona. Mzee hakucheka. Alimwomba binti yake mkono wa kuume. Upande wa juu wa glavu ulikuwa umeungua, mweusi, mshono wa kidole cha shahada umekunjamana. Kuivua hakukuwa rahisi, maana haikuachiwa nafasi. Aliivuta kidole baada ya kidole, taratibu, akiogopa atakachokikuta.

Mkono ulitoka mzima, umelowa jasho. Papa Hakorimana alivihesabu vidole vyote vitano, kama alivyovihesabu siku Emérita alipozaliwa, akaviweka kwenye shavu lake, akaviacha hapo.

Hilaire alichutama karibu yao, akaigeuzageuza ile glavu iliyoungua. "Muzee, kazi yako njo imetuokoa," alisema.

Papa Hakorimana akatikisa kichwa bila kuuachia ule mkono.

"Haiko mie," alisema. "Miaka makumi tatu nashona gants, na sikujua kitu. Ni huyu mutoto alinikalisha kwa kiti yake, akanifunga macho. Wazee walisema kweli: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."